Mwanya wa Vali: Somo la Kutanuka kwa Chuma katika Injini ya Gari Lililotembea Sana

Injini ya gari hufanya kazi kwa vyuma vinavyosukumana, kuzunguka na kusuguana. Hata hivyo uzima wake hutegemea pia nafasi ndogo zilizoachwa wazi kati ya vyuma hivyo kwa makusudi. Mojawapo ni mwanya wa vali. Nafasi hii ni nyembamba kuliko ukucha wa kidole, lakini ikipotea, injini huanza kuungua kutoka ndani bila kutoa sauti yoyote. Makala haya yanaeleza mwanya huo una kazi gani, kwa nini hubadilika kadiri gari linavyozeeka, na namna ya kuurekebisha nyumbani au katika karakana ya shule kwa vifaa vichache.

Mazingira ya Ngara na Biharamulo

Wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, zina sababu zao za kulijali jambo hili. Barabara kuu itokayo Kahama hupita Nyakanazi na Lusahunga hadi Rusumo, kwenye mpaka wa Rwanda, na tawi lake hufika Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi. Nje ya barabara hizo, sehemu kubwa ya safari ni ya changarawe na udongo mwekundu. Hasa katika Ngara, vilima hufuatana, na dereva hulazimika kupanda kwa gia ndogo huku injini ikizunguka kwa kasi na gari likienda polepole. Kwa kila kilomita, injini ya huko huzunguka mara nyingi zaidi kuliko injini ya gari liendalo kwenye tambarare.

Aidha, wilaya hizi ziko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa hupungua uzito kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo injini isiyo na mtambo wa kushindilia hewa huvuta hewa pungufu na kutoa nguvu pungufu, hata ikiwa mpya. Injini ambayo tayari imepunguziwa nguvu na mwinuko haina akiba ya kupoteza kwa uvujaji wa vali.

Mwisho, kuna umbali. Kutoka Ngara hadi Bukoba au Mwanza, ambako vipuri na mashine za kuchongea vyuma hupatikana kwa urahisi zaidi, ni safari ya mamia ya kilomita. Gari linalobeba mgonjwa usiku kutoka kijijini kwenda hospitali ya Murgwanza, Rulenge au Biharamulo halina budi kupanda kila kilima lililokikuta. Robo milimita iliyopimwa vizuri mchana ni sehemu ya usalama wa safari hiyo.

Kazi ya vali

Katika injini ya mipigo minne, kila silinda huwa na angalau vali mbili: ya kuingizia hewa au mchanganyiko wa hewa na petroli, na ya kutolea moshi. Krankshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja, na kila vali hufunguka mara moja. Kwa hiyo injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika hufungua kila vali mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kazi hiyo. Gari likienda kilomita 40 kwa saa huku injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, krankshafti huzunguka mara 120,000 kwa saa, yaani mara 3,000 kwa kila kilomita. Kila vali basi hufunguka mara 1,500 kwa kilomita. Likiendelea hivyo hadi kilomita 300,000, kila vali itakuwa imefunguka na kugonga kikalio chake mara milioni 450. Si ajabu kwamba vyuma hivyo hulika.

Mfano utakaotumika hapa ni injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyotumiwa katika magari ya Series II na Series III. Series III ilitengenezwa tangu 1971 hadi 1985, na baadhi ya magari hayo bado yanaendeshwa Tanzania. Injini hii inafaa kwa mafunzo kwa sababu sehemu zake huonekana wazi, hurekebishwa kwa skrubu, na huzungushwa kwa hendeli ya mkono.

Katika injini hiyo, kichomozo cha kamshafti, yaani kamu, husukuma tapeti. Tapeti husukuma fimbo ndefu iitwayo pushirodi. Pushirodi huinua upande mmoja wa roka. Na upande wa pili wa roka hushuka na kuibonyeza vali ifunguke. Kamu inapopita, springi huirudisha vali kwenye kikalio chake, ambacho mafundi hukiita siti. Mwanya wa vali ni nafasi iliyopo kati ya ncha ya roka na ncha ya shina la vali wakati vali imefungwa kabisa.

Kwa nini mwanya uachwe

Chuma kikipata joto hutanuka. Vali ya kutolea moshi hupitiwa na gesi za moto mkali, na kichwa chake huweza kufikia joto la takriban digrii 700 za Selsiasi. Hedi inayoishika hupozwa na maji, nayo hubaki karibu na digrii 90. Hivyo vali hurefuka kuliko hedi inavyotanuka, na ncha ya shina lake husogea kuelekea roka.

Chukuliwe mfano wa vali yenye urefu wa mm 100, ambayo wastani wa joto lake, kutoka kichwa hadi ncha, umepanda kwa digrii 200. Kila milimita ya chuma cha pua hutanuka kwa takriban mm 0.000012 kwa kila digrii. Kwa hiyo:

Kurefuka kwa vali = 100 × 0.000012 × 200 = mm 0.24.

Hedi ya chuma cha kusubu, kwa urefu uleule, imepanda joto kwa digrii 70, na kadiri yake ya kutanuka ni 0.000011:

Kutanuka kwa hedi = 100 × 0.000011 × 70 = mm 0.077.

Tofauti ni takriban mm 0.16. Ikiwa mwanya ulikuwa mm 0.25 injini ilipokuwa baridi, utabaki mm 0.09 injini ikiwa ya moto, na vali itafunga vizuri. Lakini ikiwa mwanya ulikuwa mm 0.10 tu, hakuna nafasi ya kutosha. Roka itaizuia vali isikae, na itabaki wazi kwa mm 0.06.

Upenyo huo ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari, lakini hauko mahali pamoja. Umezunguka kichwa chote cha vali. Kwa vali yenye kipenyo cha mm 35 na kikalio chenye mteremko wa digrii 45, jumla ya eneo la upenyo ni takriban milimita za mraba 4.7, sawa na tundu la duara lenye kipenyo cha mm 2.4. Tundu la namna hiyo hutosha kuiondolea silinda sehemu ya mgandamizo wake.

Madhara hayaishii katika kupoteza nguvu. Vali hupoa zaidi kupitia kikalio: kila inapofunga, joto la kichwa chake huhamia kwenye hedi na kuchukuliwa na maji. Vali isiyokaa barabara hupoteza njia hiyo ya kupoa. Kisha gesi za moto hupenya kwa kasi ukingoni mwake na kuuchoma. Vali huzidi kupata joto, kwa hiyo huzidi kurefuka, na upenyo huzidi kukua. Kosa huzaa kosa, hadi kipande cha ukingo kiliwe. Hapo hakuna skrubu iwezayo kuiponya. Hedi itafunguliwa, na vali itasagwa au kubadilishwa.

Kelele na ukimya

Katika gari lililotembea sana, mwanya hubadilika kwa njia mbili zinazopingana.

Kwanza, kamu, tapeti, ncha za pushirodi na uso wa roka hulika. Hapo mwanya huongezeka. Roka hugonga vali badala ya kuisukuma, na sauti ya "taka-taka" husikika juu ya injini. Vali hufunguka kwa kuchelewa na kwa kiasi pungufu, na ncha zake hupondeka. Hali hii haifai, lakini hujitangaza.

Pili, uso wa vali na kikalio chake hulika kutokana na kugongana. Vali huzama ndani ya hedi kidogo kidogo, na ncha ya shina lake huinuka kuelekea roka. Hapo mwanya hupungua. Injini haipigi kelele. Pengine hutulia kuliko zamani, na mwenye gari akafurahi. Dalili hujitokeza baadaye: gari huwa gumu kuwaka likiwa la moto, injini hutetemeka ikiwa haina mzigo, na nguvu hupungua kwenye vilima.

Hivyo vali inayopiga kelele kidogo ina hatari ndogo kuliko vali iliyokaza isiyosikika. Makosa mengi hutokana na kutolijua jambo hili. Anayekaza skrubu mpaka kelele zote ziishe huenda ameuondoa mwanya wenyewe. Kipimo ndicho kinachoamua, sikio ni msaidizi tu.

Kemia nayo ina sehemu yake katika habari hii. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa mchanganyiko wenye madini ya risasi, ambao, pamoja na kazi yake nyingine, uliacha utando mwembamba uliokinga vikalio visilike. Risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiacha katika mkutano wa Dakar wa 2001, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeacha kuitumia. Faida ya afya ni kubwa mno. Lakini injini za zamani ambazo vikalio vyake vilichongwa katika chuma laini cha hedi zilipoteza kinga hiyo. Injini hizo zinapofanya kazi nzito, mianya yake yafaa kukaguliwa mara nyingi zaidi.

Vifaa vinavyohitajika

Vifaa vyenyewe ni vichache: spana inayoenea nati za roka, bisibisi pana, spana ya plagi, matambara safi, brashi, hendeli ya gari, chaki, na filageji, yaani kipimo chenye vijisahani vya chuma vya unene mbalimbali. Kijisahani cha mm 0.25 mara nyingi huandikwa pia inchi 0.010. Inafaa kuwa na gasketi mpya ya kifuniko cha roka.

Kabla ya kazi, kipimo sahihi kitafutwe katika kitabu cha gari linalohusika. Kwa injini ya Land Rover iliyotajwa, mwanya ni inchi 0.010, yaani mm 0.25, kwa vali zote. Katika injini nyingine nyingi, vali ya kutolea moshi hupewa mwanya mkubwa kuliko ya kuingizia, kwa sababu hupata joto zaidi. Aidha, vipimo vingine ni vya injini baridi na vingine ni vya injini ya moto, visichanganywe.

Utaratibu wa kazi

1. Gari liegeshwe mahali tambarare, breki ya mkono ivutwe, magurudumu yawekewe vizuizi, na gia iwe huru. Injini iachwe ipoe usiku mzima.

2. Swichi izimwe na waya wa betri ufunguliwe. Plagi zikiwa bado mahali pake, injini izungushwe polepole kwa hendeli kwa mizunguko miwili. Mkono utahisi upinzani mara nne, mara moja kwa kila silinda. Upinzani ulio dhaifu kuliko mingine ni ishara ya silinda inayovuja. Kidole gumba kiwekwe upande mmoja na vidole vingine, kisizungushiwe hendeli. Injini ikirudi nyuma ghafula inaweza kuvunja mkono.

3. Vumbi lote lifagiliwe na kufutwa kuzunguka kifuniko cha roka na plagi kabla ya kufungua chochote. Vumbi la barabara lina chembe za mchanga, na mchanga ndani ya oili husaga vyuma kama msasa. Kisha kifuniko kiondolewe, na plagi zitolewe ili injini izunguke kwa wepesi.

4. Vali zihesabiwe kutoka mbele kwenda nyuma, 1 hadi 8, na namba ziandikwe kwa chaki. Vali za kutolea moshi ni 1, 4, 5 na 8. Za kuingizia ni 2, 3, 6 na 7.

5. Injini izungushwe hadi vali moja iwe imebonyezwa chini kabisa. Ndipo vali ya kurekebisha hupatikana kwa kanuni ya tisa: namba ya vali iliyo wazi na namba ya vali ya kurekebisha zikijumlishwa hutoa 9. Kwa mfuatano wa mzunguko:

Vali 8 ikiwa wazi, rekebisha 1.
Vali 6 ikiwa wazi, rekebisha 3.
Vali 4 ikiwa wazi, rekebisha 5.
Vali 7 ikiwa wazi, rekebisha 2.
Vali 1 ikiwa wazi, rekebisha 8.
Vali 3 ikiwa wazi, rekebisha 6.
Vali 5 ikiwa wazi, rekebisha 4.
Vali 2 ikiwa wazi, rekebisha 7.

Kanuni hii si ya uganga. Silinda ya 1 na ya 4 hufanya kazi moja zikipishana kwa mzunguko mzima wa krankshafti, yaani nusu mzunguko wa kamshafti. Vivyo hivyo silinda ya 2 na ya 3. Kamu ya vali iliyo wazi inapokuwa imeelekeza pua yake juu, kamu ya vali mwenzake huwa imegeuza kisigino chake kwenye tapeti. Hapo vali hiyo imefungwa kabisa, na mwanya wake ni wa kweli.

6. Kwanza mwanya uliopo upimwe na kuandikwa, kabla ya kuguswa. Orodha hiyo ina thamani kubwa: mwanya uliopungua sana tangu kipimo cha mwisho huonyesha vali inayozama, hata kama gari bado linakwenda vizuri.

7. Nati ya kukazia ilegezwe kwa spana. Filageji ipitishwe kati ya roka na shina la vali, na skrubu izungushwe kwa bisibisi mpaka kijisahani kiteleze kwa kukwama kidogo, kama karatasi inayovutwa chini ya kitabu. Skrubu yenye hatua ya mm 1, kwa mfano, husogea mm 0.25 kwa robo ya mzunguko tu. Kwa hiyo mkono uende taratibu. Skrubu ishikiliwe kwa bisibisi nati inapokazwa, kisha mwanya upimwe tena, kwani kukaza nati mara nyingi huusogeza.

8. Vali zote zikimalizika, injini izungushwe mizunguko miwili kamili na vipimo virudiwe. Ndipo gasketi, kifuniko, plagi na waya wa betri virudishwe. Nati za kifuniko zisikazwe kupita kiasi, maana gasketi hupondeka na oili huvuja. Injini iwashwe nje, kwenye hewa ya wazi, kwa kuwa moshi wake una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mtego wa roka iliyolika

Gari lililotembea sana lina mtego mmoja ambao gari jipya halina. Uso wa roka unaogusa vali hulika katikati na kufanya kishimo. Kijisahani cha filageji ni kipana. Hulala juu ya kingo za kishimo bila kuingia ndani. Ikiwa kishimo kina kina cha mm 0.10 na filageji inaonyesha mm 0.25, mwanya halisi ni mm 0.35. Injini itaendelea kupiga kelele ingawa kila vali imepimwa kwa uangalifu.

Jawabu si kukaza skrubu kwa kukisia. Roka ichunguzwe kwa ncha ya kucha au kwa ukingo wa rula mbele ya mwanga. Ikiwa na kishimo, ibadilishwe au isawazishwe kwa mashine na fundi anayeijua kazi hiyo.

Injini za namna nyingine

Si kila injini ina skrubu. Injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye lita 4.2 na iliyotumika sana katika Land Cruiser, huwekewa visahani vya unene maalumu juu ya tapeti; kurekebisha ni kubadili kisahani. Katika injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika magari mengi ya Toyota Probox, tapeti zenyewe hutofautiana unene, na kuzibadili hudai kamshafti zitolewe. Kupima kunawezekana nyumbani, lakini kurekebisha ni kazi ya karakana. Injini nyingine zina tapeti zinazojirekebisha kwa shinikizo la oili, nazo hazina mwanya wa kupima. Kwa upande mwingine, pikipiki nyingi za bodaboda bado zina skrubu na nati, na shule isiyo na gari inaweza kuzitumia kwa somo hili.

Hitimisho

Mwanya wa vali unaonyesha kwamba kanuni ya kutanuka kwa chuma, ambayo mwanafunzi huiona maabara kwa tufe na pete, ndiyo inayoamua gari lipande kilima au lishindwe. Aidha, unafundisha kwamba mtambo mbovu haupigi kelele sikuzote. Shule au mwenye gari anayetunza daftari la vipimo, akaandika tarehe, kilomita na mwanya wa kila vali, huiona hitilafu ingali changa, wakati ambapo filageji na bisibisi bado vinatosha.

Maswali

1. Injini inazunguka mara 2,400 kwa dakika. Kila vali hufunguka mara ngapi kwa sekunde?

2. Katika mfano wa hesabu uliotolewa, vali ikipanda joto kwa digrii 250 badala ya 200, mwanya wa mm 0.25 utabaki kiasi gani?

3. Vali ya 6 iko wazi kabisa. Ni vali gani irekebishwe, na kwa nini?

4. Filageji inaonyesha mm 0.20 juu ya roka yenye kishimo cha mm 0.08. Mwanya halisi ni upi?

5. Eleza kwa nini vali isiyopiga kelele huweza kuwa na hatari kubwa kuliko inayopiga kelele.

Majibu ya hesabu: (1) mara 20, (2) takriban mm 0.03, (3) vali ya 3, (4) mm 0.28.